Nauli ya kumrudisha mtoto ni sehemu ndogo: fedha za halmashauri kwa watoto waliotoroka nyumbani, Mtwara na Lindi

Kila msimu wa korosho ukianza, maafisa ustawi wa jamii wa Kusini huulizwa swali lilelile: serikali ina fungu gani kwa watoto wanaolala stendi, sokoni na kwenye vibaraza vya maduka? Fungu moja lenye jina hilo halipo. Vipo vipande. Kipande kimoja kiko ustawi wa jamii, kingine maendeleo ya jamii, kingine elimu, kingine TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na kila kipande kina masharti yake na mwezi wake. Anayeingia ofisini kuomba "fedha za watoto wa mtaani" hutoka mikono mitupu. Anayeomba nauli, chakula cha siku 14 na safari nne za ufuatiliaji, akataja na kifungu cha sheria, mara nyingi hupata angalau nusu yake.

Tuanze na kifungu chenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Kifungu hichohicho kinaitaka iwe na rejista ya watoto walio katika mazingira hatarishi, impe msaada na mahali pa kukaa mtoto aliyepotea, aliyetelekezwa au anayetafuta hifadhi, na imtafutie wazazi wake. Maneno "katika eneo lake" yana uzito mkubwa. Mtoto wa wilaya ya Nanyumbu akikutwa Mtwara mjini, wa kwanza kuwajibika ni Manispaa ya Mtwara Mikindani. Kusema "huyu si wetu" hakumwondoi kwenye bajeti yao. Ukiandika dokezo kwa mkurugenzi, weka kifungu hicho kwenye aya ya kwanza kabisa. Mweka hazina anayekutana na hitaji lisilo na sheria nyuma yake hulihesabu kuwa hisani, na hisani ndiyo inayokatwa kwanza fedha zikipungua.

Kosa la pili linalozuia fedha ni kuchelewa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini bajeti ya mwaka huo hujengwa miezi mingi kabla. Mwongozo wa mpango na bajeti ukishatoka, idara huingiza shughuli zao kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti. Rasimu huenda kwenye timu ya menejimenti ya halmashauri, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, Baraza la Madiwani, kisha mkoani, TAMISEMI na Hazina, ndipo Bunge linakaa kati ya Aprili na Juni. Kwa hiyo anayebisha hodi mwezi Mei na andiko zuri amefika sherehe imekwisha. Wakati wa kubisha ni Novemba na Desemba, kabla ukomo wa bajeti wa idara haujagawanywa. Na kabla ya hapo hitaji liwe limeshaonekana kwenye mkutano wa mtaa au kijiji na kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwa kuwa afisa mipango atauliza limetoka wapi. Muhtasari wa kikao cha kata wenye mstari mmoja tu, "watoto wanaolala sokoni warudishwe makwao na wafuatiliwe", una nguvu kuliko kurasa kumi za andiko la mradi.

Ndani ya halmashauri jua mlango wa kugonga. Ustawi wa jamii uko pamoja na afya na lishe, na shughuli zake hupita kwenye mpango wa afya wa halmashauri. Maendeleo ya jamii ni idara nyingine, ndiyo yenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani na uratibu wa vikundi. Mtoto wa miaka 13 ni wa ustawi. Kijana wa miaka 19 ni wa maendeleo ya jamii. Watu huchanganya hizi mbili, barua inazunguka mwezi mzima kati ya ofisi mbili zilizo kwenye korido moja.

Shughuli ikishaingia kwenye bajeti bado haina fedha. Hapa ndipo Mtwara na Lindi zinapotofautiana na mikoa mingine. Shughuli hizi mara nyingi huwekwa kwenye mapato ya ndani, na mapato ya ndani ya halmashauri nyingi za Kusini yanategemea ushuru wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3 tangu mwaka 2017. Minada ya korosho huanza Oktoba na kuendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka, wakati mwingine hadi Januari. Lindi ina nafuu ya pili: ufuta, ambao minada yake huwa katikati ya mwaka. Halmashauri inayoishi kwa korosho tu, mwezi Agosti sanduku lake ni kavu. Ukipanga safari za kuunganisha watoto na familia zao kwenye robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, jibu ni "fedha haijaingia", na hilo jibu ni la kweli. Panga kununua blanketi, nguo na sabuni Novemba. Safari nyingi ziweke Novemba hadi Februari, na akiba ya safari mbili tatu iwe Machi na Aprili. Kuna bahati mbaya na nzuri hapa: miezi ya korosho ndiyo hiyohiyo watoto wengi huingia mjini, kwa kuwa kuna magunia ya kubeba, kuna fedha mkononi mwa watu, na kuna magari ya kudandia. Hitaji na fedha hufika pamoja, mradi karatasi ziwe zimekaa tayari.

Sasa namna ya kuiandika shughuli. Ukifungua mipango ya halmashauri utakuta mistari kama "kuendesha kikao cha wadau kuhusu watoto wanaoishi na kufanya kazi mtaani". Mahitaji yake: posho, chai, kalamu, shajara, mafuta ya gari. Kikao kinafanyika, taarifa inaandikwa, watoto wako palepale sokoni. Si kwamba vikao havina kazi. Kamati za MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) za kijiji, kata na wilaya zinahitaji kukutana. Ila kikao kisichokuwa na mstari wa nauli chini yake hakimtoi mtoto mahali alipo. Andika shughuli kwa mtoto mmoja, kisha zidisha. "Kuunganisha watoto 20 na familia zao na kuwafuatilia kwa miezi 6" ni shughuli ambayo mkaguzi anaweza kuihesabu na diwani anaweza kuitetea.

Chukua mfano wa safari ya Mtwara hadi Masasi, kama kilomita 200. Land Cruiser ya halmashauri kwa barabara hiyo itakula lita moja kwa kilomita 7 hivi, kwa hiyo kwenda na kurudi ni lita 55 hadi 60. Dizeli ikiwa Sh2,800 kwa lita, mafuta peke yake ni karibu Sh160,000. Ongeza posho ya kujikimu ya afisa na ya dereva kwa usiku mmoja, ambayo tangu Julai 2022 kima chake cha chini ni Sh100,000 kwa kila mmoja. Umeshapita Sh350,000 na mtoto hajala. Afisa huyohuyo akienda na mtoto kwa basi, unalipa nauli tatu, mbili za afisa na moja ya mtoto, na posho ya mtu mmoja. Tofauti hiyo inatosha kulipia ziara za ufuatiliaji. Gari lina mahali pake: mtoto mgonjwa, watoto wanne wanaokwenda uelekeo mmoja, au kijiji ambacho kutoka barabara ya lami ni mbali na mvua za masika zimeshaanza. Nje ya hapo basi linafaa zaidi, tena mtoto hafiki kijijini akishuka kwenye gari la serikali kama mhalifu huku kijiji kizima kimetoka kuangalia.

Fedha za safari hutoka kama masurufu kwa jina la afisa, yaani fedha anazopewa mapema kisha akazitolea hesabu akirudi. Masurufu yasiporejeshwa kwa wakati, afisa huyo hapewi mengine, na ikiwa wilaya ina maafisa wawili tu, huduma nzima imesimama kwa sababu ya tiketi moja iliyopotea. Tiketi za basi zipigwe picha palepale stendi. Mtendaji wa kijiji agonge muhuri kwenye fomu ya kupokea mtoto siku hiyohiyo, asisubiriwe kesho. Vitu kama blanketi na nguo ni manunuzi, na manunuzi ya serikali yanapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni. Hayafanyiki jioni ambayo mtoto amefika ofisini akitetemeka. Nunua mapema vifurushi 10 au 15 vya saizi mbili, mdogo na mkubwa: suruali au gauni, fulana, kandambili, kipande cha sabuni, mswaki, blanketi. Nguo za mitumba kutoka kwa mchuuzi asiye na risiti ya EFD zitageuka hoja ya ukaguzi hata kama ni za bei nafuu. Na kwenye hati ya malipo usiandike jina kamili la mtoto. Andika namba ya shauri. Jina libaki kwenye jalada lililofungiwa kabatini. Mkaguzi akitaka kuhakiki ataonyeshwa jalada, lakini hati ya malipo hupita mikono mingi.

Mtoto analala wapi usiku ule? Makao ya watoto ya serikali kuu yako mbali, Kurasini kule Dar es Salaam na Kikombo Dodoma. Makao mengine ni ya mashirika ya dini na ya watu binafsi, yanahitaji leseni, na hayajengwi kwa ajili ya mtoto wa siku tatu. Mahabusu ya watoto ni kwa aliye na kesi. Aliyetoroka nyumbani hana kesi. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, mahali pa kuripoti na kuandikishwa, si pa kulala. Kinachofanya kazi Kusini ni familia za kuaminika: kaya zilizochunguzwa na afisa ustawi, zikapewa mafunzo, zikakubali kumpokea mtoto kwa muda mfupi. Mji kama Masasi au Lindi ukiwa na familia nne au tano za namna hii, hauhitaji jengo.

Familia hizi hujitolea, na wengi wamelichukulia neno hilo kumaanisha kwamba hazihitaji kitu. Baada ya mtoto wa tatu mama wa nyumba anaanza kusema mgonjwa, safari, mgeni. Weka kwenye bajeti chakula, na ukipeleke kama chakula. Kwa mtoto mmoja kwa siku 14 tunakadiria unga kilo 5, mchele kilo 4, maharage kilo 3, mafuta ya kupikia lita 1, sukari kilo 1, mche wa sabuni. Kidogo kinazidi, na ndivyo inavyotakiwa, kwani mtoto atakula na wenziwe wa nyumba hiyo. Fedha taslimu zinavuta watu wasiofaa kwenye orodha, na ni ngumu kuzithibitisha. Ikionekana mtoto hawezi kurudi kwao, kwa mfano aliyemkimbia ndiye anayempiga, siku 14 zisigeuke miezi mitano kimyakimya. Afisa ustawi aende mahakamani kuomba amri ya matunzo, ambayo inaweza kudumu hadi miaka 3. Bila amri hiyo familia haina karatasi ya kumwandikisha shule wala kusaini hospitalini.

Sehemu inayoharibika kuliko zote ni baada ya mtoto kufika nyumbani. Bajeti nyingi huishia kwenye picha ya mtoto akikumbatiwa na bibi yake. Lakini kilichomtoa nyumbani bado kipo: baba wa kambo, bibi asiyeweza kulisha wajukuu sita, madeni ya shule, kipigo. Safari ya kwanza ya ufuatiliaji ifanyike ndani ya wiki mbili, kisha mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Ile ya wiki mbili ndiyo muhimu kuliko zote na ndiyo inayokosa fedha.

Ugumu wake ni mpaka. Mtwara ina halmashauri 9, Lindi 6, na kila moja ina bajeti yake. Mtwara Mikindani ikimpeleka mtoto Masasi, wajibu wa kumfuatilia unahamia Masasi, na Masasi haikumpanga kwenye bajeti yake. Njia iliyozaa matunda ni makabidhiano ya maandishi kabla mtoto hajasafiri. Barua itoke kwa afisa ustawi wa halmashauri inayotuma kwenda kwa wa halmashauri inayopokea, nakala kwa afisa ustawi wa mkoa, ikiwa na namba ya shauri, jina la kijiji na kitongoji, sababu ya kutoroka na tarehe nne za ziara. Ziara zenyewe zifanywe na mtu aliye karibu, yaani mhudumu wa ngazi ya jamii au mjumbe wa kamati ya kijiji, kwa nauli ya bodaboda na vocha ya simu. Afisa wa wilaya aende mara moja kati ya hizo nne. Ukimpangia afisa aende zote nne kwa gari, hazitafanyika hata mbili. Mtoto aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji ni habari nyingine. Huyo anahitaji Uhamiaji na idara ya wakimbizi mapema, wala asirudishwe kwa barua ya halmashauri.

Kuna matumizi ambayo hatuyapendekezi hata fedha zikiwepo: msako. Kabla ya ziara ya kiongozi au mbio za Mwenge, mafuta hupatikana ghafla, askari hupatikana, watoto wanazolewa. Hakuna aliyeuliza wametoka wapi. Baada ya wiki wako palepale, na sasa wanamkimbia pia afisa ustawi waliyekuwa wameanza kumzoea. Ukiona mafuta ya msako yamepatikana, ujue fedha ipo. Dai ihamishiwe kwenye ufuatiliaji.

Shule ina ruzuku yake, na watu huidhania kubwa kuliko ilivyo. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni Sh10,000 kwa mwaka, ambapo Sh6,000 ndizo zinazokwenda shuleni. Hainunui sare. Ada hakuna, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula ndivyo vinavyomfanya mtoto aone aibu na kuondoka tena. Kwa hiyo sare iwe sehemu ya gharama za kumuunganisha na familia. Mwalimu mkuu akisita kumpokea kwa kuwa alishakatiza masomo, kumbuka waraka wa mwaka 2021 wa kuwarejesha shuleni waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali. Aliyepitwa na umri aende MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Aliyekaribia miaka 18 anaweza kufaa zaidi kwenye chuo cha maendeleo ya wananchi, Mtawanya au Masasi kwa Mtwara, Chilala kwa Lindi, au VETA. Hapo ulizia nafasi za mafunzo ya uanagenzi zinazolipiwa na serikali kabla ya kumwambia mzazi atafute ada.

Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF ina jambo la kutazama kwa makini. Sehemu ya ruzuku inategemea mahudhurio ya watoto shuleni, asilimia 80 ya siku za masomo. Mtoto akitoroka, ruzuku inapungua, ndiyo maana wapo wazazi wanaoficha. Zungumza na mtendaji na mratibu wa TASAF pamoja, mtoto aliyerudi arejeshwe kwenye orodha ya mahudhurio haraka, na mzazi ajue kwamba kutoa taarifa hakumkoseshi fedha zaidi ya kunyamaza.

Vijana wa miaka 18 na zaidi ndio wanaotajiwa asilimia 10 za mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo haina riba, lakini ni mikopo. Hailipi chumba wala chakula. Kinahitajika kikundi cha angalau watu watano, kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki na vitambulisho. Hapo wengi wanakwama. Kijana aliyetoroka akiwa na miaka 12 hana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hana namba ya NIDA, kwa hiyo hana akaunti. Usajili wa bure wa watoto chini ya miaka 5 hauwahusu. Anza na cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, mwaka mzima kabla ya kuwaza mkopo, na gharama yake iingie kwenye bajeti ya ustawi angali mtoto. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Newala Mji ilikuwa kati ya halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu kupitisha mikopo benki, nyingine zikabaki na kamati. Kikundi cha vijana watano wanaolala stendi, waliopewa pikipiki moja kabla ya kuwa na mahali pa kuilaza, kitashindwa marejesho, na halmashauri itawanyima wanaofuata. Chumba kwanza, fundi wa kumfundisha kazi, akiba ndogo ya miezi sita, ndipo mkopo.

Unapojiandaa kwa bajeti ijayo, rejista yako iwe na mambo haya kwa kila mtoto: alipatikana wapi na lini, amepelekwa halmashauri gani, ziara ngapi zimefanyika kati ya nne, na baada ya miezi 6 yuko nyumbani au amerudi mjini. Gawanya waliorudi mjini mafungu mawili, waliofuatiliwa na wasiofuatiliwa. Jedwali hilo la nusu ukurasa lifikishwe kwa afisa mipango Novemba, na kwa mwenyekiti wa kamati ya huduma za jamii kabla Baraza halijakaa Februari. Waheshimiwa madiwani watauliza kwanza watoto hao ni wa kata zipi. Uwe na jibu la kila kata.